Herufi za Kupapasa: Asili ya Mafundisho ya Mikono na Suala la Lugha

Mtu akiingia katika darasa la chekechea nchini Kenya hakosi kuona vifuniko vya chupa vilivyotungwa uzini, mbegu, vijiti vya kuhesabia, udongo wa kufinyanga, na pengine herufi zilizokatwa katika karatasi ngumu na kubandikwa ukutani kwa kimo cha mtoto. Walimu huviita vitu hivi zana au vifaa, na mtaala ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 umeyapa masomo yenyewe ya watoto wadogo jina la shughuli. Aghalabu hudhaniwa kwamba zana hizi zilibuniwa kwa ajili ya watoto wasio na kasoro yoyote, kisha zikapelekwa, kwa huruma, katika shule za watoto wenye ulemavu. Historia inaonyesha kinyume. Sehemu kubwa ya zana hizo ilizaliwa miongoni mwa viziwi, vipofu na watoto waliohukumiwa kuwa hawana akili, na huko ndiko ilikotoka ikawafikia watoto wengine. Makala haya yanakusudia kuifuata njia hiyo, na kulidhihirisha jambo moja la lugha lililotokea katikati yake ambalo waandishi wengi wa historia ya elimu wamelipita kwa haraka, ingawa wataalamu wa lugha ndio waliostahili kuwa wa kwanza kuliona.

Yafaa kwanza kukitazama Kiswahili chenyewe. Ngeli ya ki-vi, ambayo ni ya vitu na ya udogo, imewakusanya watu wa makundi mawili. Upande mmoja wamo kipofu, kiziwi, kiwete, kilema na kibyongo. Upande wa pili wamo kitoto, kichanga, kifungua mimba na kitinda mimba. Nchini Tanzania shule za watoto wadogo ziliitwa kwa muda mrefu shule za vidudu, na hakuna aliyeona ajabu. Ni kweli kwamba sarufi huwarudishia wote hawa utu wao katika upatanisho, kwani husemwa kipofu amefika. Anayesema kipofu kimefika hukusudia kutukana. Walakini jina limebaki pale pale lilipo, na pamoja nalo limebaki wazo kwamba mdogo na mlemavu ni watu wa daraja moja, ambao bado hawajafika, au hawatafika. Miaka ya karibuni waandishi wengi wamependelea kusema asiyeona, au mtoto mwenye mahitaji maalumu. Wako pia viziwi wanaojiita viziwi bila ya kuona haya, na ambao huona kwamba mzunguko huo wa maneno ni adabu ya wasikiao baina yao wenyewe. Hapa maneno ya zamani yatatumika pale yanaposimuliwa mambo ya zamani, maana kuyasafisha kungeficha jinsi watu wale walivyofikiriwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1800, mvulana aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 11 au 12 alipatikana katika wilaya ya Aveyron, kusini mwa Ufaransa, baada ya kuishi porini peke yake. Hakuwa akisema neno. Alipelekwa Paris katika taasisi ya viziwi iliyoongozwa na Padri Sicard, na huko Philippe Pinel, bingwa wa maradhi ya akili wa zama zile, alimchunguza na kutoa hukumu kwamba alikuwa punguani asiyefundishika. Daktari kijana wa taasisi hiyo, Jean Itard, aliyezaliwa mwaka 1774, alikataa hukumu hiyo. Akisaidiwa na mlezi, Madame Guérin, alimfundisha mvulana huyo kwa muda wa miaka mitano na kuandika taarifa mbili, ya mwaka 1801 na ya mwaka 1806. Mvulana aliitwa Victor kwa sababu ya lugha tu: katika sauti zote za Kifaransa aligeuka na kusikiliza alipoisikia irabu o.

Taarifa za Itard zapasa kusomwa na kila mwalimu wa watoto wadogo, si kwa ufanisi wake bali kwa uaminifu wake katika kusimulia kushindwa. Alianza na tumbo na ngozi: maji ya moto, chakula, nguo. Kisha aliendelea na vidole. Alitia ndani ya chombo kisichoonyesha kilichomo kokwa za miti ya kwao, nyingine za moto na nyingine baridi, akamtaka Victor atoe moja kama ile aliyoonyeshwa. Baada ya joto likaja umbo: kokwa na jiwe, kokwa kubwa na ndogo. Mwisho zikaja herufi za madini, ambazo Victor alizitofautisha kwa kuzipapasa tu, na Itard kwa makusudi alichagua zile zinazofanana, B na R, I na J, C na G. Katika sentensi hizo chache imo asili ya mfuko wa kupapasia ambao walimu wa chekechea hupenda kuutengeneza kwa kitambaa na kuujaza vitu vya nyumbani.

Jambo la maana zaidi lilihusu neno moja, lait, yaani maziwa. Victor aliweza kulitamka kwa kinywa, lakini Itard alisikitika kuona kwamba alilitamka baada ya maziwa kumiminwa, kwa furaha, wala si kwa kuomba. Alifundishwa pia kulipanga neno hilohilo kwa herufi zilizokatwa. Siku moja alipokuwa akijiandaa kwenda katika nyumba alikopewa maziwa kila siku, bila ya kuagizwa na mtu, alizichukua herufi nne akazitia mfukoni. Alipofika alizitoa, akazipanga juu ya meza: L, A, I, T. Kinywa kilikuwa kimeshindwa kuomba, mkono ukaomba. Hata hivyo Itard hakuridhika. Alichokitaka ni sauti, na kwa kuwa sauti haikuja aliiona kazi yake kuwa imekwama. Nyumba aliyoishi Victor ilijaa watoto viziwi waliozungumza kwa ishara mchana kutwa, na Itard hakumfundisha ishara hizo. Victor alifariki mwaka 1828, bado akiwa chini ya uangalizi wa Madame Guérin.

Mwanafunzi wa Itard, Édouard Séguin (1812-1880), ndiye aliyeugeuza ustadi wa mtu mmoja na mtoto mmoja kuwa utaratibu wa shule. Alianza mwaka 1837 na mvulana mmoja, akaendelea na watoto wengi, na mwaka 1846 alichapisha kitabu kikubwa juu ya malezi ya wale aliowaita, kwa lugha ya wakati wake, mapunguani. Baada ya misukosuko ya 1848 aliihama Ufaransa akaenda Marekani, na huko mwaka 1866 alitoa kitabu kingine kwa Kiingereza. Ubao wenye matundu ya maumbo mbalimbali, ambamo mtoto huingiza kipande cha duara katika tundu la duara na cha pembe tatu katika tundu lake, unaitwa hata leo kwa jina la Séguin. Kufunga vifungo na kamba za viatu kulikuwa kwake somo kamili. Montessori alimnasibishia pia hatua tatu za kufundisha jina la kitu: mwalimu hutaja, kisha mtoto huonyesha kilichotajwa, na mwisho mtoto hutaja mwenyewe. Mwalimu yeyote wa lugha atazitambua hatua hizo, hata kama hakuambiwa kwamba zilitumiwa kwanza kwa watoto ambao watu waliamini kwamba hawana lugha.

Kwa upande wa vipofu, Valentin Haüy alianzisha shule mjini Paris katika miaka ya 1780 na kuchapisha vitabu vyenye herufi zilizoinuliwa. Zilikuwa herufi nzuri za kutazama. Kosa la Haüy lilikuwa kosa la mwenye macho: aliuchukua mwandiko wa jicho akautia uvimbe, akidhani umekuwa mwandiko wa kidole. Louis Braille (1809-1852), mwanafunzi kipofu wa shule hiyohiyo, aliachana na sura za herufi kabisa na kutumia nukta zisizozidi 6, ambazo ncha ya kidole huzidaka mara moja. Alichapisha mfumo wake mwaka 1829, na shule yake yenyewe haikuukubali rasmi hadi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake. Nchini Kenya mfumo huo ulipata makao ya kudumu katika shule ya vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946.

Hapana budi kukiri kwamba si zana zote zilitoka katika njia hiyo. Mjerumani Friedrich Froebel (1782-1852) aliwafikiria watoto wasio na ulemavu alipofungua kituo chake huko Bad Blankenburg mwaka 1837 na kuwapa mipira ya sufi, tufe, mche na vipande vya mbao vya kujengea. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake mwaka 1851, marufuku iliyodumu hadi 1860, kwa kuziona kuwa mlango wa fikra za uasi. Ni nadra vipande vya mbao kuogopwa kiasi hicho. Wala si haki kudhani kwamba kuhesabu kwa mikono kuliletwa Afrika ya Mashariki na wageni. Mtoto wa pwani aliyeketi pembeni mwa wazee wakicheza bao, na kuzifuata kete 64 zikisambazwa katika mashimo 32, alikuwa akijifunza kujumlisha, kutoa na kugawa kabla ya kuijua tarakimu moja. Lakini wazee hawakuliita hilo somo, na ubao wa chuoni, ambao mtoto aliandika akafuta akaandika tena, ulikuwa wa herufi za hijai peke yake.

Maria Montessori (1870-1952) alihitimu udaktari mjini Rome mwaka 1896. Kazi yake ilimpeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili, na humo aliwakuta watoto waliofungiwa pamoja na watu wazima, hawana cha kushika mikononi. Alivisoma vitabu vya Itard na Séguin, kisha akafanya jambo ambalo wasomi wa siku hizi wangeliona kuwa la kupoteza wakati: alivitafsiri kwa Kiitaliano na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe, kimoja kati ya hivyo kikiwa na kurasa zipatazo 600, ili apate kulipima kila neno. Mwaka 1900 ilifunguliwa mjini Rome shule ya kuwaandaa walimu wa watoto hao, ambayo yeye na mwenzake Giuseppe Montesano waliiongoza. Aliwafundisha watoto mchana kutwa kwa zana zilizotokana na Séguin, na baadhi yao wakafaulu mtihani wa shule za kawaida za serikali. Watu walistaajabu. Montessori, kwa maelezo yake mwenyewe, alistaajabia jambo jingine: ilikuwaje watoto wenye akili timamu wa shule za kawaida wawe katika hali duni kiasi cha kuweza kulinganishwa na wanafunzi wake?

Swali hilo ndilo daraja ambalo zana zilipitia. Tarehe 6 Januari 1907 Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Rome, ndani ya majengo ya wapangaji maskini. Kampuni iliyomiliki majengo haikuwa na nia ya kufanya mapinduzi ya elimu. Wazazi walikwenda kazini, watoto walibaki wakichafua kuta na kuharibu ngazi, na ilionekana ni nafuu kuwaweka pamoja chumbani. Wasomaji wa historia ya Kenya wataikumbuka hali iliyofanana na hiyo. Vituo vingi vya mwanzo vya kulelea watoto wa Kiafrika vilizuka katika miaka ya 1940 na 1950, mijini, katika mashamba ya kahawa na ya chai, na katika vijiji ambamo watu wa Mkoa wa Kati walikusanywa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari. Huko nako mama alikuwa kazini, na mtoto alikuwa tatizo la ulinzi kabla hajawa mwanafunzi.

Katika shule ya watoto wenye upungufu wa akili Montessori alikuwa ametumia herufi nzuri za mbao, irabu zikiwa nyekundu na konsonanti buluu. Huko San Lorenzo hapakuwa na fedha za kuzitengeneza tena. Kwa ajili hiyo alikata herufi katika karatasi ya msasa na kuzigandisha juu ya kadi laini, na upesi aligundua kwamba umaskini ulikuwa umempa kitu bora kuliko kile alichokikosa: kidole cha mtoto kilihisi mkwaruzo pale kilipokuwa ndani ya njia ya herufi, na ulaini pale kilipopotea. Kadi ilimsahihisha mtoto bila ya mwalimu kufungua mdomo. Neno la Kiswahili la karatasi hiyo nalo lina historia yake, kwani msasa ni mti wenye majani makavu ya kukwaruza ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Mwalimu wa kijijini asiye na duka la vifaa vya ujenzi anaweza kuwa na zana hiyo nyuma ya darasa lake.

Baada ya miezi michache tukio lililomfanya Montessori ajulikane duniani lilitokea juu ya paa la jengo, siku ya jua ya mwezi wa Disemba. Alimpa mvulana wa umri wa miaka ipatayo mitano kipande cha chaki, akamwambia amchoree bomba la moshi lililokuwa karibu. Mtoto alichora. Kisha alipotiwa moyo alianza kuandika, mano, halafu camino, halafu tetto, yaani mkono, bomba la moshi na paa, akipiga kelele kwamba anaandika. Wenzake wakaiga. Hawakuwa wamefundishwa kuandika maneno. Walikuwa wamezipapasa herufi huku wakizitamka, na wamepanga maneno kwa herufi za kukata. Montessori alikadiria kwamba mtoto wa miaka minne alihitaji mwezi mmoja au mwezi na nusu tangu zoezi la kwanza la matayarisho hadi kuandika neno lake la kwanza.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Herufi za Itard zilikuwa sura zinazosimama mahali pa kitu: Victor alipanga L, A, I, T akapata maziwa, bila ya kulazimika kusikia. Herufi za San Lorenzo zilikuwa sauti. Mtoto alipapasa a na kutamka a, na alipotaka kuandika neno alilichambua kwa sikio akaliandika kwa mkono. Kilichouwezesha mwujiza wa paa la San Lorenzo hakikuwa msasa peke yake. Ulikuwa ni uandishi wa Kiitaliano, ambao kila irabu husomwa karibu sawasawa na inavyoandikwa, na ambao mtoto aliyejua sauti na sura zake anaweza kuandika neno lolote analoweza kulitamka. Mmarekani William Heard Kilpatrick, katika uhakiki wake mkali wa mwaka 1914, alilitambua jambo hili na kulitumia kama hoja ya kuupunguzia thamani mfumo mzima: kwa kuwa tahajia ya Kiingereza haifuati sauti, alisema, sehemu hiyo ya mafundisho ya Montessori haingewafaa sana watoto wa Marekani. Kwa Kiingereza alikuwa na haki. Hakufikiria kwamba ziko lugha nyingine duniani.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo, tena kwa sababu ya karibu kuliko inavyodhaniwa. Edward Steere, alipotoa kitabu chake cha sarufi ya lugha ya Unguja mwaka 1870, aliwaelekeza wasomaji wake kwamba irabu zitamkwe kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Maelekezo hayo, yaliyokusudiwa kwa wamisionari waliokuwa ndio kwanza wanajifunza lugha, yaliingia katika tahajia ambayo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliisanifisha. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa au wa Kakamega anayeandika mama, paka, moto, anatumia irabu zilezile za mtoto wa San Lorenzo. Zaidi ya hayo silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa m na n za silabi na maneno machache ya kukopa, hata herufi nyekundu na za buluu za Montessori zingekaa kwa zamu, moja baada ya nyingine, kama ushanga uliotungwa kwa hesabu.

Nusu ya pili ya maelekezo ya Steere ndiyo yenye miiba. Konsonanti za Kiingereza zilileta ch, sh, th, dh, gh, ny na, baadaye, ng' yenye alama juu yake. Sauti ni moja, sura ni mbili au tatu. Je, mtoto apewe kadi moja yenye sh nzima, au kadi mbili za s na h ambazo kila moja imekwisha kufundishwa kwa sauti yake? Akipewa mbili, kidole kitapita juu ya sauti ambazo sikio halizisikii. Herufi c peke yake haina kazi katika Kiswahili, na kuitengenezea kadi ni kumpa mtoto ufunguo usio na mlango. Na ng', je? Alama ile ya juu ni ndogo mno kwa kidole cha mtoto wa miaka minne, lakini ndiyo inayotenganisha ng'oa na ngoa. Kuna pia yale ambayo tahajia imeyanyamazia: watu wa pwani hutofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa mpumuo, wala hakuna herufi ya kupapasa inayouonyesha. Maswali haya si madogo kwa mwalimu wa chekechea, na ni ya isimu hasa, lakini ni mara chache majarida ya isimu yamemjibu. Kwa maoni ya makala haya kadi moja kwa sauti moja ndiyo inayostahili, hata kama itaivunja desturi ya kuzipanga herufi kwa alfabeti. Mtoto atakutana na alfabeti wakati wake ukifika.

Mambo hayakwenda hivyo nchini Kenya. Mafundisho ya vitendo yalipoingia kwa nguvu katika madarasa ya chini yaliingia yamefungwa pamoja na Kiingereza. Jaribio lililoanza mwaka 1957 katika shule ya Wahindi mjini Nairobi, ambako wanafunzi walikuwa na lugha nyingi za nyumbani, lilizaa ule uliojulikana kama Mwelekeo Mpya wa Shule za Msingi. Watoto waliketi kwa vikundi badala ya mistari, walipewa kadi, picha, maji na mchanga wa kupimia, walitembea darasani. Kilikuwa kitu chema, na waliozoea kukariri kwa sauti moja waliona tofauti kama ya usiku na mchana. Lakini yote yalifanywa kwa Kiingereza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mtoto wa kijijini akashika kwa mkono kitu anachokijua akakiita kwa jina asilolijua, na kukisoma katika tahajia ile ile ambayo Kilpatrick alikuwa ameionya. Mkono na lugha vilitenganishwa. Walimu wengi na wazazi wao wakaamini kwamba vitendo na Kiingereza ni kitu kimoja, na kwamba kufundisha kwa lugha ya nyumbani ni kurudi kwenye kukariri. Imani hiyo haijafa.

Zilikuwako juhudi za kuvirudisha pamoja. Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa mfululizo wa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha kadhaa za nchi, na ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika miaka mitatu ya mwanzo. Mradi wa elimu ya awali ulioendeshwa na Taasisi hiyo kati ya miaka 1971 na 1982 kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi uliwahimiza walimu watengeneze zana kwa vitu vilivyopo. Mjini Mombasa, tangu katikati ya miaka ya 1980, mpango wa chekechea za madrasa uliosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan uliwafundisha akina mama wa mtaani kuutumia vifuu, makombe ya baharini na mbegu, na kuzungumza na watoto kwa lugha yao wakati mikono ikifanya kazi. Katika vyumba hivyo vya madrasa ubao wa chuo na mfuko wa Itard vilikutana bila ya kupangiwa.

Lakini yupo mmoja aliyeachwa nje ya mkutano huo, naye ndiye aliyekuwako mwanzo. Kadi ya msasa ambayo sauti yake ni ma haimwambii kitu mtoto asiyeisikia ma. Uamuzi wa Montessori wa kuifunga herufi kwenye sauti uliwafungulia mlango watoto wengi wanaosikia na wengi wenye akili nzito, na kwa tendo hilohilo ulimfungia kiziwi ambaye katika nyumba yake zana hizo zilibuniwa. Halikuwa kosa lake peke yake. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliokaa mjini Milan, katika nchi yake, uliamua kwamba kiziwi afundishwe kusema kwa kinywa na kwamba ishara ziondolewe madarasani. Viziwi waliokuwa walimu walifukuzwa kazini katika nchi nyingi. Tamaa ya Itard ya kuisikia sauti ya Victor ikawa sheria. Shule za kwanza za viziwi nchini Kenya, za mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilirithi sheria hiyo. Watoto waliagizwa kuweka mkono juu ya koo la mwalimu ili wahisi mtetemo wa sauti, na walikatazwa kuinua mkono huohuo kuzungumza. Nje ya darasa, bwenini na uwanjani, waliuinua.

Ishara hizo za bwenini ndizo zilizokua zikawa Lugha ya Ishara ya Kenya, yenye sarufi isiyo ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa kuichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Katiba ya mwaka 2010 imeiweka miongoni mwa lugha ambazo serikali yapaswa kuziendeleza, pamoja na mwandiko wa Braille, na kuitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge. Katika darasa la chekechea la watoto viziwi mwalimu anayeijua lugha hiyo huweka maziwa mezani, huonyesha ishara yake, kisha hupanga kadi: m, a, z, i, w, a. Herufi hapo hazisimami mahali pa sauti. Zinasimama mahali pa ishara na pa kikombe kilichopo, kama zilivyosimama juu ya meza ile ya Paris. Na ni namna gani mtoto huyo atoke katika neno hilo moja hadi sentensi ya Kiswahili, yenye viambishi ambavyo lugha yake ya ishara haina, ni kazi ambayo sarufi za shule zilizopo hazijaianza.